Tochi Isiyolala: Kamera za Mwendo Hufanya Nini Hasa Kwenye Barabara Kuu

Ukiwa kati ya Chalinze na Morogoro mchana kweupe, gari linalokuja mbele yako likiwasha taa mara mbili, huhitaji tafsiri: mbele kuna tochi, kile kifaa cha trafiki cha kupimia mwendo. Mguu unatoka kwenye mafuta, mshale unashuka hadi 50, unampita trafiki kwa upole wa bwana harusi anayeingia ukumbini, na kona mbili baadaye umesharudi kwenye mwendo wako. Hakuna chuo cha udereva kinachofundisha somo hilo, lakini sote tumelifaulu.

Sasa mwondoe yule trafiki, weka mahali pake kifaa kisichochoka, kisichokula chakula cha mchana na kisichosikia "afande, tusaidiane". Hapo ndipo ubishi unapoanza. Juni 2025 Uganda iliwasha mfumo wa kamera unaojiandikia faini wenyewe, EPS Auto. Aliyezidisha mwendo alidaiwa shilingi 200,000 za Uganda, na aliyezidisha sana 600,000. Kelele zilikuwa kubwa, hasa kuhusu maeneo ya kilomita 30 kwa saa ambayo madereva walisema hawakuona kibao chochote, na kabla mwezi haujaisha mfumo ukasimamishwa. Rwanda kamera zimekaa barabarani hadi zimepewa jina la mtu: Sofia. Kenya, mjadala wa faini za papo kwa papo hulala na kuamka. Kila mahali maneno ni yaleyale. Mmoja anasema kamera zinaokoa watu, mwingine anasema ni mashine za kukamua wananchi, na wa tatu anasema zinasababisha ajali kwa sababu watu hushika breki ghafla.

Wote watatu wana kitu mkononi. Ila hawajashika kitu kimoja.

Kwanza tuelewane maneno

Si kila kamera iliyo juu ya nguzo ni kamera ya mwendo. Nyingi zinazotazama makutano ya mijini ni za usalama tu. Zinaona msongamano, wezi na waliopita taa nyekundu, lakini hazijui ulikuwa unakwenda kilomita ngapi. Kamera ya mwendo ina kazi mbili: kupima, kisha kupiga picha ya namba ya gari pale tu kipimo kinapovuka kiwango kilichowekwa.

Kupima kwenyewe si uchawi. Ukiwa umelala usiku ukasikia bodaboda inapita barabarani, unajua bila kufungua dirisha lini inakuja na lini inaondoka, kwa sababu mlio unakuwa mkali ikikaribia kisha unashuka mara tu ikikupita. Rada inatumia jambo hilohilo. Inarusha mawimbi, yanagonga gari, yanarudi yakiwa yamebadilika, na ukubwa wa badiliko ndio mwendo wako. Aina nyingine hutumia vihisio viwili vilivyofukiwa chini ya lami: gari linagusa cha kwanza, linagusa cha pili, saa inahesabu.

Aina ya tatu ndiyo wengi hawaijui, nayo ni muhimu kuliko zote katika makala haya. Inaitwa kamera ya mwendo wa wastani. Inasoma namba yako ukiingia kwenye kipande cha barabara, inaisoma tena kilomita kadhaa mbele, kisha inagawanya umbali kwa muda. Chukua Nairobi Expressway, yenye kilomita 27 na kikomo cha 80. Anayefuata sheria kutoka mwanzo hadi mwisho atatumia dakika 20 na sekunde kidogo. Ukiimaliza kwa dakika 15, hakuna cha kubishana: wastani wako ulikuwa 108, hata kama kila ulipoona askari ulikuwa mpole.

Na hili la kuchekesha kidogo. Mtu ambaye jina lake limebaki kwenye kamera za mwendo, Mholanzi Maurice Gatsonides, hakuwa askari wala mhubiri wa usalama barabarani. Alikuwa dereva wa mashindano ya magari, mshindi wa Monte Carlo Rally mwaka 1953. Alitaka kifaa cha kumpimia mwendo wake mwenyewe kwenye kona ili aweze kwenda kasi zaidi. Kifaa cha kumharakisha kikaishia kuwatuliza wengine.

Kilichotokea Scottsdale

Swali la kweli ni moja: ukiweka kamera kwenye barabara kuu ya kasi, yaani ile yenye njia kadhaa kila upande, isiyo na makutano, mataa wala wauza karanga, ajali zinapungua?

Jaribio linalofaa kutazamwa kwa karibu ni la mji wa Scottsdale, jimbo la Arizona, Marekani. Januari 2006 mji huo uliweka vituo sita vya kamera kwenye kipande cha barabara ya Loop 101. Kikomo kilikuwa maili 65 kwa saa, sawa na kilomita 105 hivi. Kamera haikupiga picha hadi ufike maili 76, karibu kilomita 122. Mwezi wa kwanza ulikuwa wa maonyo tu, kisha faini zikaanza. Oktoba mwaka huohuo kamera zikazimwa, na watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Arizona wakakaa na takwimu zao.

Walikuta mwendo wa wastani ulishuka kwa takriban maili 9 kwa saa, yaani kilomita 14 au 15. Ajali kwenye kipande hicho zilipungua kwa kati ya asilimia 44 na 54 kulingana na njia ya kukokotoa, na ajali za kujeruhi kwa asilimia 28 hadi 48. Zilizokataa kushuka kama nyingine ni za gari kugonga la mbele yake kwa nyuma. Kwa hiyo yule wa tatu, anayelalamikia breki za ghafla, hasemi uongo. Anasahau tu kutaja upande wa pili wa mizani, ulio mzito zaidi.

Watafiti wale pia hawakuhesabu ajali za saa za msongamano wa asubuhi na jioni, na walikuwa na sababu. Kwenye foleni hakuna wa kukimbia. Ukiwa umekwama Ubungo saa moja asubuhi, foleni yenyewe ndiyo kamera yako. Kamera ya mwendo ni dawa ya barabara iliyo wazi: usiku, alfajiri, Jumapili mchana.

Kisha kamera zikazimwa. Idadi ya magari yaliyopita maili 76 ikapanda hadi zaidi ya mara 9 ya ilivyokuwa zikiwa zinafanya kazi. Barabara ni ileile, watu ni walewale, na pengine hata vibao vilikuwa vilevile. Waliokuwa wamepunguza mwendo hawakuwa wamebadilika tabia. Walikuwa wanaogopa kupigwa picha.

Kwa nini kilomita 15 zina uzito huo

Hapa wengi wanateleza, kwa sababu macho yanaona namba na kusema "120 na 100 zina tofauti gani?"

Fikiria magari mawili sambamba, moja linakwenda 100, jingine 120, na mbele lori limesimama bila taa. Madereva wote wawili wanashtuka kwa sekunde moja kabla ya kugusa breki, na breki zao ni nzuri sawa kwenye lami kavu. La 100 litasimama baada ya mita 83 hivi. Utadhani lile la 120 pale litakuwa linajikokota. Hapana. Likifika mahali ambapo mwenzake amesimama tuli, bado litakuwa linakwenda zaidi ya kilomita 70 kwa saa. Tofauti ya 20 mwanzoni imekuwa 70 mwishoni, kwa sababu nguvu ya gari haikui kwa kujumlisha bali kwa kuzidisha. Mwendo ukiwa mara mbili, nguvu inakuwa mara nne.

Ukitaka picha nyingine, kugonga ukuta ukiwa na 50 ni sawa na kudondoka kutoka karibu mita 10, yaani ghorofa ya tatu. Ukiwa na 100, umedondoka karibu mita 39, ghorofa ya kumi na tatu.

Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani linatumia kipimo hiki: mwendo wa wastani ukipanda kwa asilimia 1 tu, hatari ya ajali ya kuua inapanda kwa takriban asilimia 4. Kwa hiyo msemo kwamba "mwendo hauui, uzembe ndio unaoua" ni nusu ya ukweli. Uzembe unaanzisha ajali. Mwendo ndio unaoamua kama jioni utasimulia au utasimuliwa.

Tahadhari moja kuhusu takwimu

Nchi nyingi huweka kamera pale ambapo mwaka uliopita watu wengi wamekufa. Inaonekana busara, lakini inaharibu hesabu. Mganga anayeitwa siku homa imepanda kabisa ana bahati: kesho yake joto litashuka hata kama dawa yake ilikuwa maji ya mtungi, kwa sababu lilikuwa limefika kileleni. Ajali nazo ziko hivyo. Kona iliyoua watu saba mwaka jana kwa mkosi itaua wachache mwaka huu hata ukiweka sanamu badala ya kamera.

Ndiyo maana mwanasiasa anaposimama na kusema "tuliweka kamera, vifo vikashuka kwa nusu", swali la kwanza liwe: mmelinganisha na wapi? Tafiti nzuri hulinganisha na barabara zinazofanana ambazo hazikuwekewa kitu. Mwaka 2010, mapitio ya Cochrane, taasisi ambayo kazi yake ni kuchambua ushahidi wa tafiti za afya, yalikusanya tafiti 35 kuhusu kamera za mwendo. Ajali za kuua na za kujeruhi vibaya karibu na kamera zilikuwa zimepungua kwa kati ya asilimia 11 na 44. Waandishi hawakuficha kwamba ubora wa nyingi ya tafiti hizo ulikuwa wa wastani. Lakini zote zilielekea upande mmoja, na hilo kwangu lina maana kubwa kuliko namba yoyote moja.

Kona mbili baadaye

Turudi kwa bwana harusi wetu wa Chalinze. Alipunguza kwa tochi, kisha akarudi kwenye mwendo wake. Kamera ya mahali pamoja ina udhaifu huohuo, tena kwa wazungu vilevile. Mtafiti wa London School of Economics aliyechunguza kamera za Uingereza mwaka 2017 alikuta faida kubwa iko ndani ya mita 500 za kamera. Ukishapita kilomita moja na nusu, hali ilielekea kugeuka, ajali zikaonyesha dalili za kuongezeka. Madereva wanaofidia muda, tena wakiwa na hasira.

Kwenye barabara ya kasi hili ni baya zaidi, maana kinachoua huko mara nyingi si mwendo wa mmoja peke yake bali tofauti ya mwendo. Alphard inayokwenda 130 nyuma ya Canter iliyobeba viazi ikikwenda 60 ni hatari kuliko magari yote yakienda 100. Kamera ya mahali pamoja inaweza kuwabana watu mita mia mbili na kuwatawanya mita mia mbili zinazofuata.

Kamera ya wastani haina tatizo hilo. Hakuna pa kushika breki, kwa sababu hakuna sehemu moja inayopimwa. Italia ilianza kutumia mfumo wake, uitwao Tutor, mwaka 2005, na utafiti uliofanywa kwenye barabara ya A1, ile ya Milano hadi Napoli, ulikuta ajali zimepungua kwa asilimia 31. Tafiti zilizokusanywa kutoka nchi mbalimbali zinaelekea hukohuko: aina ya wastani hupunguza ajali kuliko ile ya nguzo moja. Ningekuwa na fedha ya kununua aina moja tu, nisingepoteza dakika kufikiri.

Lakini hata huko Italia kuna funzo. Miezi sita ya kwanza upungufu ulikuwa karibu asilimia 39. Miaka miwili na nusu baadaye ulikuwa umebaki asilimia 18. Watu walizoea. Walijua kamera haziwaki muda wote. Kinachomfanya dereva apunguze si ukali wa faini, ni uhakika wa kukamatwa. Ukipunguza uhakika, hata faini ya milioni itakuwa hadithi.

Mifuko ya watu

Sasa lile la pesa, ambalo ndilo linaloua miradi hii kuliko kitu kingine.

Arizona, baada ya matokeo mazuri ya Scottsdale, ilitandaza kamera kwenye barabara kuu za jimbo zima mwaka 2008. Kosa lao lilikuwa kuanza na bajeti: serikali ilitangaza matarajio ya dola milioni 90 kwa mwaka wa kwanza. Tangu hapo hakuna aliyeamini hadithi ya usalama. Na kwa kuwa sheria ya kule ilitaka aadhibiwe dereva, si mwenye gari, picha ilibidi ionyeshe uso. Dereva mmoja akaanza kupita kwenye kamera akiwa amevaa kinyago cha nyani, akakusanya tiketi kwa makumi, kisha akauliza mahakamani: mna uhakika huyo ni mimi? Wengine walizitupa tu notisi zilipokuja kwa posta. Makusanyo yakaja chini sana ya ahadi. Aprili 2009 hasira zikavuka mpaka: mfanyakazi aliyekuwa ndani ya gari la kamera alipigwa risasi na kufa, kwenye Loop 101 ileile. Julai 2010 mradi wa jimbo ukafa.

Ufaransa ilikwenda njia nyingine. Kamera za kudumu zilianza Oktoba 2003. Mwaka 2002 watu zaidi ya 7,000 walikufa barabarani; kufikia 2010 walikuwa chini ya 4,000. Si kazi ya kamera peke yake, maana polisi walibana pia pombe na mikanda, lakini hakuna mtaalamu anayeziondoa kwenye hesabu. Hata hivyo, serikali iliposhusha kikomo cha barabara za vijijini kutoka 90 hadi 80 mwaka 2018, na miezi michache baadaye waandamanaji wa fulana za njano wakaingia barabarani, zaidi ya nusu ya kamera za nchi ziliharibiwa. Kamera iliyofanya kazi miaka 15 ilichomwa na watu walioacha kuamini kwamba ipo kwa ajili yao.

Kwa hiyo anayesema kamera ni mashine ya kukamua naye nampa haki yake, kwa sharti moja: aangalie inavyowekwa, si kifaa chenyewe. Kuna dalili za kutazama. Kibao cha mwendo kinaonekana vizuri kabla ya kamera? Kuna kipindi cha maonyo? Kampuni inayoendesha inalipwa kwa kila faini au kwa mwezi? Adhabu inapanda hatua kwa hatua? Kanuni za Kenya za mwaka 2016 zina mpangilio ambao nadhani ni wa haki: ukizidisha kilomita 1 hadi 5 ni onyo, 6 hadi 10 ni shilingi 500, 11 hadi 15 ni 3,000, na 16 hadi 20 ni 10,000. Mtu anaelewa anaadhibiwa kwa nini. Kipimo changu mwenyewe ni chepesi zaidi. Kamera nzuri ni ile ambayo mapato yake yanashuka kila mwaka na mwenye nayo anafurahi.

Barabara yetu si Loop 101

Ni hatari kubeba asilimia za Scottsdale na kuzimwaga Chalinze. Loop 101 haina mtoto anayevuka kwenda shule. Barabara zetu kuu nyingi ni barabara ya kasi, soko, kituo cha mabasi na uwanja wa mpira kwa pamoja. Hata Thika Road, iliyojengwa kwa njia nyingi na madaraja ya waenda kwa miguu, watu huivuka chini ya daraja. Hapo kamera inayozuia 130 haimsaidii mama anayevuka mbele ya gari la 80. Anahitaji tuta, kivuko na 50 ya kweli, si ya kibao.

Faida yake iko kwenye vile vipande virefu vilivyonyooka, usiku, mabasi na malori yakikimbizana. Tanzania tayari tuna ndugu wa kamera ya wastani kwa mabasi: mfumo wa VTS, yaani wa kufuatilia magari, unaosimamiwa na LATRA, mamlaka ya udhibiti wa usafiri wa ardhini, unaoona mwendo wa basi safari nzima badala ya kumvizia dereva kwenye kona. Abiria waliozoea njia za mikoani wanajua tofauti, na wanajua pia kwamba wapo madereva wanaouchezea. Magari madogo hayamo.

Rafiki yangu mmoja dereva, nilipomweleza hesabu ya wastani, alifikiri kidogo kisha akapata ushindi wake: "Basi mimi nakimbia, halafu kabla ya kamera ya mwisho nasimama nanunua mahindi ya kuchoma mpaka dakika zitimie." Nikamwambia inawezekana kabisa, hakuna mfumo utakaomkamata. Atafika saa ileile na yule aliyekwenda 80, ameshiba mahindi, na ameunguza mafuta mengi zaidi. Alinyamaza, akauliza mahindi siku hizi ni bei gani.